Paa la Hatua za Marehemu

Walimleta Fundi Sifaeli wakimburuta kwa miguu, kichwa kikigongagonga mawe ya njia. Aikande alisikia kelele zao kabla hajawaona, maana mchana ule mji wa Majivuni ulikuwa mweusi kama ndani ya chungu. Mlima ulikuwa ukimwaga majivu tangu alfajiri, na majivu yalishuka polepole, mazito, yakijaza mabega ya watu na kope za macho yao. Kila mtu alikuwa amefunga kitambaa puani na kuvaa taa kwenye paji la uso. Sura hukuona. Uliona macho na mikono, na katika kila mkono kitu: fimbo, sepetu, mguu wa kiti.

"Nyundo yake iko wapi?"

"Ninayo mimi!"

"Basi mwonjeshe, ajue uzito wake!"

Waliulaza mkono wake wa kulia juu ya jiwe la kizingiti cha kibanda cha kusomea mabati, hapo hapo mbele ya Aikande, wakampiga nayo. Mifupa ya vidole ililia kama maganda ya karanga yanayokanyagwa. Fundi hakupiga kelele mara moja. Alitazama kwanza ule mkono, kana kwamba ni chombo cha mtu mwingine alichoazimwa kikaharibika, ndipo akapiga ukelele uliowafanya hata wenye fimbo warudi nyuma kidogo.

Aliyejitokeza mbele wakati huo alikuwa Ndeshi. Mwanamke mfupi, mwembamba, mtoto mchanga amefungwa mgongoni kwa kanga mbili, na mkononi ameshika mchi wa kinu. Aliunyanyua ule mchi akamtwanga fundi mdomoni, na meno yakaruka pamoja na damu hadi kwenye viatu vya Aikande.

Watu walimwachia nafasi, maana haki ilikuwa yake. Jana mchana, baada ya mvua, paa la nyumba yake, lililoezekwa na fundi huyu, lilikunjika katikati kama kitabu kinachofungwa, na majivu yote yaliyokuwa juu yakaingia ndani. Alikuwa uani akiondoa ngazi ukutani, huyu mdogo mgongoni. Wanawe wakubwa, Haika na Eliya, walikuwa ndani. Walipofukuliwa, walikuwa wa kijivu mwili mzima, hata ndani ya midomo.

"Yatosha!" Kamanda Mbise, mkuu wa walinzi wa majivu, aliingia katikati akisukuma watu kwa kifua. "Mkimmaliza hapa, Kitandani atalala nani? Babu yenu?"

Wengine wakacheka ndani ya vitambaa vyao. Kamanda akaashiria, na vijana wawili wakaliweka bati moja mlangoni mwa kibanda. Lilikuwa bati la Ndeshi, lile la katikati ya paa, limekunjika na kuchanika pembeni.

"Soma, Bi Aikande," Kamanda akasema. "Madebe yanajazwa majivu sasa hivi. Ukimaliza, uje utaje jina."

"Na kama halina jina?"

"Bati lina jina siku zote. Bati likimuua mtu au kumvunja, aliyelikunja atalala chini ya bati. Na msomaji akinyamaza, analala yeye. Sheria uliiapia mwenyewe, au nikukumbushe?"

"Nakumbuka."

Fundi Sifaeli aliinua kichwa, mate na damu vikining'inia kidevuni. "Bi Aikande," alisema kwa shida, "geji niliweka nzito, bati nene. Sikupunja."

Mtu akampiga teke la mbavu, wakamburuta kuelekea uwanjani, Kitandani.

*

Kibanda kilikuwa kidogo, na Aikande alipofunga mlango kelele zilipungua zikawa kama maji yanayochemka chumba cha pili. Alilinyoosha bati kwa viganja, taratibu, kama mtu anayekunjua nguo ya maiti, akalilaza juu ya vipande vya mbao alivyovipanga kufuata matundu ya misumari. Halafu akabana nyaya za betri kwenye pembe zake nne.

Mabati ya Majivuni hayakuwa kama mabati ya mababu. Mlima ulipoamka na watu wakakataa kuhama, walitokea wauzaji walioleta mabati mepesi kama karatasi, na mapaa yakaua watu mtaa mzima. Ndipo kiwanda cha bondeni kikaanza kuchanganya ndani ya bati madini yenye kumbukumbu. Kila bati lilipobonyea, lilihifadhi namna lilivyobonyea. Ukilipitishia umeme, lilirudia yote tangu siku lilipopigiliwa, haraka haraka, kama mtu anayeweweseka usingizini, mpaka pale lilipofia.

Aikande akawasha swichi.

Bati likashtuka. Kisha likaanza kuhema.

Ni jambo la kutazamwa kwa utulivu, hilo. Bati ni jembamba kama ganda la kitunguu, na nguvu yake yote imo kwenye migongo yake, yale mawimbi yaliyosimama. Ukilibebesha mzigo sawasawa, linabonyea katikati ya papi na papi, zile mbao zinazolala juu ya kenchi na kulibeba. Upande wake wa juu unabanwa, wa chini unavutwa, na tumbo linashuka kama kitanda cha kamba kilicholaliwa. Ondoa mzigo, linarudi. Hapo hakuna kosa la mtu. Lakini mgongo mmoja ukilazwa tu, ukawa bapa hata kwa upana wa kisigino, bati limepata kilema. Mzigo uliokuwa ukibebwa na migongo yote unakuja kupita pale palipolala, na mgongo wa jirani nao unalala, na wa pili yake. Siku hiyo huoni kitu. Mvua ikinyesha juu ya majivu yakalowa, paa lote linakunjika pale pale.

Ndiyo maana mtoto wa Majivuni, kabla hajajua kuhesabu, anafundishwa: kanyaga msumari, usikanyage tumbo. Msumari uko juu ya papi, na papi inabeba.

Aikande alitazama. Majivu ya mwaka wa kwanza yalishuka, bati likabonyea kidogo, likarudi. Majivu ya mwaka wa pili, likarudi. Geji ilikuwa nzito kweli. Fundi hakupunja.

Kisha zikaja hatua. Nzito, ndefu, kila moja ikitua juu ya papi sawasawa, tumbo lisitikisike. Aikande alimtambua mwenye hatua hizo kama unavyomtambua mtu kwa kikohozi chake. Kirita, mume wa Ndeshi, mtu mrefu wa kucheka ovyo. Majivu yakifunika paa, misumari haionekani, kwa hiyo Majivuni wana desturi yao: nyumba ikiezekwa, mwenye nyumba anatembezwa uani kwa mwendo wake wa kawaida, fundi anamfuata nyuma akitia alama kila kisigino kinapogusa, na papi zinapigwa kwa hatua hizo hizo. Baadaye, hata akipanda akiwa haoni hata mkono wake, atembee tu kama anavyotembea sokoni, miguu itaangukia penye nguvu.

Hatua za Kirita zikakoma. Alikufa mwaka huu kwa maporomoko ya bondeni.

Bati likatulia kwa muda. Halafu ikaja hatua nyingine.

Ya kwanza ilitua juu ya papi. Ya pili ilitua nyuma yake kidogo. Ya tatu ilikuwa fupi kama mbili za mwanzo, na ikaangukia tumboni kabisa. Bati lilisema tak, sauti ndogo kama ya ulimi, na mgongo mmoja ukalala. Kisigino kilikuwa chembamba, lakini kilizama kuliko uzito wa mwanamke mmoja mwembamba. Mwenye kisigino hicho alikuwa amebeba kitu mgongoni.

Aikande alikata umeme. Alisimama ameegemea meza.

Mume akifa, siku ya arobaini majirani huleta mbao na misumari, wakamwita fundi, na paa linafupishwa hatua lifuate mwendo wa mjane. Fundi hawezi kwenda mwenyewe. Fundi anayepanda paa la mjane bila kuitwa na majirani anahesabiwa ameposa, na watu wangemcheka hadi aoe au ahame. Arobaini ya Kirita watu walijaa, wakala pilau, wakaimba. Kila mmoja alidhani mbao zinakuja na mwenzake. Aikande mwenyewe aliosha masufuria hadi jioni, akaenda zake kulala.

Mlango ulisukumwa. Ndeshi aliingia na mchi wake.

"Bado?" akauliza. "Wananiambia nisubiri, nisubiri. Linasema nini?"

"Ndeshi mdogo wangu, toka nje."

"Sitoki. Ni bati langu."

"Nakuomba."

Ndeshi alimsukuma kwa kiwiko, akanyoosha mkono akawasha swichi mwenyewe. Bati lilikuwa bado na joto, likaendelea kutokea pale lilipokatizwa. Hatua. Hatua nyingine, fupi. Tak. Hatua zilienda hadi ukingoni, zikageuka kama mtu anayefagia anavyogeuka, akivuta mguu wa kushoto kidogo, zikarudi.

"Huyo nani anatembea?" Ndeshi akauliza.

Aikande alijaribu kumgeuza kuelekea mlangoni.

"Nakuuliza, dada. Nani huyo anatembea juu ya watoto wangu?"

Mtoto mgongoni alikuwa na kwikwi. Kila kwikwi ilimtikisa mama yake kidogo. Ndeshi aliutazama mguu wake wa kushoto. Kisha akazima swichi kwa utulivu, akaushika mchi kwa mikono miwili, akaanza kulipiga bati. Alipiga, akapiga, meza ikatikisika, na Aikande alipomkamata mkono, Ndeshi aligeuka na mchi ule ukamwangukia Aikande juu ya bega. Mfupa ulivunjika. Aliusikia ukivunjika ndani ya sikio lake, kama kuni kavu. Akaanguka kati ya meza na ukuta, na Ndeshi akawa juu yake, mchi umemkandamiza kooni.

"Utasema fundi," Ndeshi alihema usoni pake. "Utatoka hapo nje useme ni fundi."

"Fundi hakukosa."

"Na mimi nimekosa nini? Nilikuwa nafagia! Majivu yalikuwa hadi magotini, nani angepanda? Ungepanda wewe?" Machozi yalitengeneza mifereji kwenye majivu ya mashavu yake. "Wakinilaza mimi, huyu atanyonya nini? Nijibu. Atanyonya nini?"

"Sifaeli ana mama yake kipofu," Aikande akasema kwa sauti ya kukwaruza.

"Basi kila mtu ana mtu!"

Nje walianza kugonga madebe kwa mawe. "Msomaji! Msomaji! Jina!"

Ndeshi aliuondoa mchi. Alikaa chini sakafuni, akalegeza kanga, akamtoa mtoto akamweka titi mdomoni kwa sababu alikuwa ameanza kulia, na kwa muda mfupi kibandani hapakuwa na sauti ila ya mtoto akimeza.

"Utafanyaje?" Ndeshi akauliza.

"Sijui," Aikande akasema.

*

Kitanda kilikuwa katikati ya uwanja: nguzo fupi za mawe, mbao mbili nene juu yake, papi zimepigwa kama za nyumba, na bati jipya limepigiliwa juu kwa misumari yote. Chini yake hapana kimo. Mtu anasukumwa humo chali juu ya ubao, bati likiwa shubiri moja kutoka puani mwake, kisha wafiwa na watu wote wanapanga foleni na kumwaga majivu juu, debe kwa debe, mpaka paa dogo lile limfanye kama lilivyowafanya wengine. Sifaeli alikuwa tayari humo, amefungwa miguu. Mkono wake ulining'inia nje ya ubao, umevimba kama kiazi.

"Mtoeni," Aikande akasema.

Uwanja ulipasuka kwa kelele. Kamanda aliinua mkono, lakini ilichukua muda kunyamaza.

"Fundi hakukosa. Geji ni nzito, misumari imetimia, papi ziko pale zilipopimiwa. Bati limelazwa mgongo na kisigino."

"Cha nani?"

Damu ilikuwa ikishuka ndani ya mkono wa nguo ya Aikande. Aliwatazama, taa zote zile zikimpiga machoni. "Papi za nyumba ile zimepigwa kwa hatua ya Kirita, na Kirita amekufa. Arobaini yake tulikula, mimi nilikula pia, na masufuria nikaosha. Nani alipeleka mbao? Nani alimwita fundi? Nyoosha mkono nikuone."

Hakuna aliyenyoosha. Majivu yakasikika yakitua.

"Usituhubirie!" mtu akapiga kelele kutoka nyuma. "Tumekuja kwa jina!"

"Jina! Jina!"

Jiwe lilimpata Aikande kwenye mbavu. La pili lilipita juu ya kichwa. Kamanda Mbise alimsogelea hadi kitambaa chake kikagusa sikio lake. "Bi Aikande," alinong'ona, "wamechemka hawa. Mimi siwezi kuwazuia bila mtu. Taja mtu. Mtu yeyote."

"Mtu yeyote ndiye nani, Kamanda?"

Alirudi nyuma kama aliyetemewa mate.

"Sina jina la kuwapa," Aikande akasema kwa sauti kubwa.

Basi, wakamtoa Sifaeli kwa kumvuta nywele na kumtupa pembeni, wakamkamata Aikande. Mwanamke mmoja aliyewahi kumkopesha chumvi alimpiga kofi, mwingine akamvuta kwa lile bega lililovunjika, na akapoteza fahamu kidogo. Alipozinduka alikuwa chali, na juu ya pua yake palikuwa na tumbo la bati, jeupe, jipya, linanuka mafuta ya kiwandani.

Debe la kwanza ni la mfiwa. Ndivyo ilivyo.

Alimsikia Ndeshi akipanda vidaraja vitatu vya mbao vya pembeni. Alizijua hatua zile sasa, mguu wa kushoto ukivutwa kidogo. Akasimama. Debe liligusa ukingo wa bati, bati likalia kama kengele iliyofunikwa. Pakapita muda mrefu, watu wakaanza kupiga miluzi. Kisha majivu yakamwagika, na Aikande akaliona tumbo la bati likishuka kuja kwake, polepole, sawasawa, kama lilivyofundishwa.

Wakaja wengine. Aliyemwaga kwa hasira, bati lilicheza. Aliyemwaga kwa woga, lilishuka kama linaomba radhi. Alijaribu kutofikiri lolote ila migongo. Migongo ilikuwa bado imesimama. Maadamu imesimama, ataishi. Lakini tumbo lilikuwa limegusa ncha ya pua yake, na kila akivuta pumzi kifua chake kililisukuma, nalo likamsukuma.

Foleni ikazunguka, ikamrudia mfiwa. Mguu wa kushoto ukavutwa. Debe likagusa ukingo.

"Ni mimi," Ndeshi akasema.

"Mwaga!"

"Ni mimi niliyekanyaga!" Sasa alikuwa akipiga kelele, na sauti yake ilipita ndani ya bati ikatetemesha meno ya Aikande. "Hatua ni zangu! Nilipanda kufagia, mtoto mgongoni, sikuona misumari! Msomaji ananificha! Mtoeni huyo, ni mimi niliyewaua wanangu!"

Kwanza hakuna aliyeelewa. Kisha wakaelewa wote kwa pamoja. Jiwe lilirushwa, Aikande alilisikia likigonga mfupa, si bati. Kitu kizito kikaanguka kando ya vidaraja. Mtoto akaanza kulia ukelele mmoja mrefu usiokatika.

"Kumbe alikuwa anatuchezea!"

"Mshike! Mshike asikimbie!"

Ndeshi alikuwa upande wa pili wa Kitanda, na njia ya mkato ya kumfikia ilikuwa kupita juu ya bati. Wakarukia juu. Watu wazima, waliofundishwa tangu kutambaa pa kukanyaga, waliruka juu ya bati lililojaa majivu wakakanyaga tumbo. Tak. Tak, tak, tak. Aikande aliona migongo ikilala mmoja baada ya mwingine juu ya macho yake, mkunjo ukitembea kuvuka bati kutoka ukingo hadi ukingo, na akapata wakati wa kugeuza uso pembeni tu. Bati likafunga. Mkunjo ulimwangukia juu ya goti la kulia, goti likavunjika, na majivu ya uwanja mzima yakamwingia mdomoni.

Aliyelinyanyua bati hakuwa mlinzi. Alikuwa Sifaeli, miguu yake bado imefungwa, ameingiza bega chini ya ukingo na kusukuma huku akitoa sauti kama ng'ombe anayezaa. Alimvuta Aikande kwa mkono wake mmoja mzima, akamwacha nusu ndani nusu nje.

Aikande alikohoa, akatapika kijivu, akafungua macho. Watu walikuwa wamesimama juu ya lile bati kama kuku waliokuta mlango umefungwa. Kamanda Mbise alikuwa mmoja wao, buti zake zimezama kwenye mkunjo wenyewe. Mtu mmoja alikuwa amemshika Ndeshi shingo, jiwe juu kwa mkono wa pili. Ndeshi alikuwa amepiga magoti, damu imemfunika jicho, mikono yake yote miwili imegeuzwa nyuma kumfunika mtoto.

"Kamanda," Aikande akasema. "Shuka kwanza. Kila ukihema hapo juu, linaandika."

Kamanda alitazama miguu yake.

"Goti langu limevunjika," Aikande aliendelea, na kila neno lilitoka na vumbi. "Bati likimuua mtu au kumvunja, aliyelikunja atalala chini. Si ndivyo? Haya, nipelekeni kibandani na bati langu, lingali na joto. Nitalisoma. Nitawataja wote kwa visigino vyao, mmoja mmoja, tupange foleni nyingine."

"Si uligoma kutaja majina wewe?" mtu akasema, lakini sauti yake ilikuwa imepungua.

"Niligoma. Mmenipiga, nimejifunza."

Hakuna aliyecheka. Aliyekuwa amesimama mwisho wa bati alishuka polepole, kidole kwa kidole, kama mtu anayetoka chumba chenye mgonjwa. Wa pili akashuka. Yule mwenye jiwe alilitazama, akaliweka chini badala ya kulitupa, kana kwamba nalo lingeweza kusomwa. Nyuma ya umati mwanaume mmoja alisema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba paa lake halijafagiwa tangu asubuhi, akaondoka. Wengine nao wakakumbuka mapaa yao.

Kamanda Mbise alibaki wa mwisho. Alivua buti zake, akazikung'uta, akazivaa tena.

"Kitanda kimeharibika," alitangaza, ingawa wa kumsikia walikuwa wameshaisha. "Leo hakuna kulala." Naye akaenda.

*

Walimbeba Aikande hadi kibandani wawili wao, Sifaeli, kamba zimeshakatwa miguuni, upande mmoja na Ndeshi upande wa pili, na hawakutazamana njia nzima. Sifaeli aliliburuta na bati lile jipya hadi ndani, akalisimamisha nyuma ya mlango, kwa usalama wao wote. Kisha akakaa kizingitini, akaulaza mkono wake mapajani.

"Siku ya arobaini nilikaa na nyundo hadi giza," alisema bila kugeuka. "Nilijua mguu wako mfupi, mama. Nilingoja mniite."

Ndeshi alichana pindo la kanga yake kwa meno, akapiga magoti mbele ya yule ambaye yeye mwenyewe alimng'oa meno, akaanza kuufunga ule mkono. Alipomaliza alirudi kusimama kando ya mlango, bega lake kwa ukuta wa nje, mtoto amelala sasa mgongoni, amechoka.

"Dada Aikande," akasema. "Lile bati langu. Tulilikatiza."

"Lilikuwa karibu na mwisho."

"Mwisho wake ndio… ndio wakati ule?"

"Ndiyo."

Ndeshi alikaza kanga ya mtoto. "Mimi siwezi kutazama. Nitasimama hapa hapa nje. Wewe litazame, uniambie kitu kimoja tu. Walikuwa macho, au walikuwa wamelala? Nilipopanda niliwaacha wakicheza. Lakini saa ile huwa wanalala. Huwa wanalala, si ndiyo?"

"Tutaona," Aikande akasema.

Alijikokota hadi mezani kwa mguu mmoja. Bati lilikuwa limepondwa na mchi hapa na pale, lakini nyaya zilikuwa bado zimebana. Katika miaka yote ya kusoma, mbele ya watu wenye fimbo na wenye fedha, hakuwahi kusema bati limesema lisilosema. Hata leo, akiwa chali chini ya madebe, hakusema. Aliwasha swichi.

Hatua za mjane zilimalizika na kushuka. Mvua ikaja, uzito ukaongezeka kwa kasi, tumbo likazama. Mgongo uliolala ukaita wa jirani, na wa jirani ukaita wa pili yake. Mkunjo ukafunguka kutoka ukingo hadi ukingo, bati likashuka.

Kisha likasimama njiani.

Kutoka chini palichomoza kitu kama embe changa, kikasukuma juu. Kando yake kingine. Kisha viwili vingine, vidogo zaidi, vya chini zaidi, vya mtu aliyesimama kwa vidole vya miguu. Viganja. Vilisukuma, vikalegea, vikasukuma tena. Bati lilipanda kidogo. Lilishuka. Lilipanda tena, na kwa muda ambao Aikande hakuweza kuupima lilikaa vile, majivu ya mlima mzima juu na viganja vinne chini, kabla viwili vile vidogo havijatoweka.

Hakuzima. Alitazama mpaka mwisho kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine wa kutazama.

"Dada?" sauti ya Ndeshi ilitoka nje. "Limesema?"

Kizingitini, Sifaeli alikuwa amegeuza kichwa. Kutoka pale alipoketi aliweza kuiona meza yote. Uso wake uliobondwa ulikuwa umeloa. Alimtazama Aikande, na Aikande akamtazama yeye.

"Limesema," Aikande akajibu. Aling'oa nyaya moja moja, zote nne. "Walikuwa wamelala, mdogo wangu. Wote wawili. Bati halikuguswa na mtu."